Udongo Uliotoka Moi's Bridge

Nyaruai ni mtu wa kuchungulia nyua. Usimwelewe vibaya: hana haja ya kujua nani amenunua televisheni na nani amegombana na mkewe. Haja yake ni kile kinachoota. Akipita mbele ya boma la mtu, shingo humrefuka yenyewe, na akiona jani asilolijua atasimama, alichume, alisugue kwa vidole, alinuse, kisha abishe hodi kuuliza jina lake. Mumewe Mukhisa alishazoea. Wakienda harusini au kanisani, humwacha kwenye ua wa watu akaendelea na safari, naye mkewe humfuata baadaye na vijiti viwili vitatu mkobani.

Alizaliwa upande wa Moi's Bridge, kwa Kagwe na Wakiuru, watu wa Nyeri waliohamia mpakani mwa Trans-Nzoia enzi zile majirani walipoungana wakanunua shamba la mzungu wakagawana. Kagwe alipanda mahindi kama wanaume wenzake. Wakiuru alimsaidia kupalilia hayo mahindi, na akishamaliza, alipanda maua: mawaridi, mayungiyungi meupe, haidrenjia za buluu zenye vichwa vikubwa, na mistari ya miplamu nyuma yake. Watu walimcheka kwamba anapoteza ardhi. Yeye alijibu kwamba tumbo lina shamba lake na macho nayo yana shamba lao.

Binti yake alirithi macho hayo. Alipoolewa na Mukhisa, kijana wa Bungoma aliyekuwa karani wa serikali mjini Kitale, alifungua kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Kapenguria. Wateja wake wa siku zile watakuambia alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukimuuliza bei ya mche, hakutajii bei, anakuuliza unaupeleka wapi. Kwenu kuna jua namna gani? Ukichimba, chini kuna nini? Maji ya mvua yanakaa au yanaenda? Mtu wa Lodwar alitaka haidrenjia, Nyaruai akamkatalia mchana kweupe. "Hiyo utaiua tu. Chukua bogenvilia, hata ukisafiri itakungoja."

Sasa basi, waliosema mganga hajigangi hawakukosea.

Mukhisa alistaafu, na mwanamume wa kwao akistaafu hazeekei mjini. Walikuwa wamejenga nyumba Kanduyi, kwenye ardhi ya marehemu baba yake, hatua chache kutoka kwa mama yake, Peris. Wakati wanafunga mizigo, simu ikaja kutoka Moi's Bridge. Alikuwa Muigai, kakake Nyaruai, aliyebaki na shamba la wazazi.

"Nimesema nikujulishe," Muigai alisema. "Hii season nalima mpaka pale kwa maua ya mama. Maua haijazi gunia."

Nyaruai hakubishana naye. Wakiuru alikuwa amezikwa mwishoni mwa bustani hiyo, na kaburi Muigai asingeligusa, hilo alilijua. Lakini vile vitanda vya maua, ambavyo mama yake alivilisha samadi na majivu tangu yeye akiwa msichana, vingefunikwa na mahindi kabla ya mwezi kwisha. Akamwita mwanawe Kevin aje na pikapu. Walichimba asubuhi nzima, udongo mweusi, laini, unaomeguka mkononi kama keki, wakaupakia garini pamoja na mashina ya mawaridi, haidrenjia, miplamu michanga na vitunguu vya mayungiyungi. Mwisho kabisa, Kevin akiwa anafunga kamba, Nyaruai alipiga magoti kando ya kaburi akazoa udongo kwa mikono yake miwili, akautia juu ya ule mwingine. Hakumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe hakujua ni kwa nini, ila moyo ulitulia.

Pikapu ilipoingia Kanduyi, Peris alikuwa barazani kwa mwanawe akinywa chai. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kila walipokuja kutoka Kitale, tangu nyumba ile ikiwa na paa tu bila madirisha: akimaliza kulisha kuku anavuka uwanja na fimbo yake, anaketi kwenye kiti cha mbao, analetewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi kuliko daktari alivyoruhusu. Aliwahi kumwambia Nyaruai kwamba ana wakaza wana wanne na chai inayonyweka ni ya mmoja. Kwa mwanamke aliyetoka mbali, wa lugha nyingine, maneno hayo yalikuwa cheti.

Peris aliutazama ule udongo ukishushwa. Akaweka kikombe chini.

"Mama Kevin, hii mchanga mmereta ni ya nani?"

"Ni ya maua tu, mama."

"Nauriza ni ya nani. Mmehamisha nani?"

"Hakuna mtu, mama," Nyaruai akasema, akacheka kidogo. "Ni mbolea tu. Ya huku nimeona ni ngumu."

Peris alisimama bila kumaliza chai yake. Akashika fimbo, akazunguka mbali na ule udongo kama anayezunguka siafu, akaenda kwake. Nyaruai alidhani ni jua limemchosha mzee wa watu.

Huku ana nyumba mpya na uwanja mtupu mbele yake, Nyaruai alifanya ambalo angemkataza mteja yeyote wa Kitale. Hakuuliza chochote. Alitaka bustani ya mama yake isimame Kanduyi kama ilivyokuwa imesimama Moi's Bridge, jani kwa jani. Ardhi ilipogoma kuingilika kwa jembe, alimwita kijana wa kuchimba mitaro akaja na sururu. Juu kulikuwa na udongo wa kijivu wenye mchanga mwingi, na chini yake, kabla shimo halijafika magoti, maramu, ngumu, nyekundu, inayotoa cheche. Walichimba mashimo kwenye maramu hiyohiyo, wakayajaza ule udongo mweusi, wakapanda. Kwa wiki chache bustani ilikuwa ya kupigia picha, na Mukhisa aliwaleta wazee wenzake kuitazama.

Kisha masika yakashuka vizuri. Mawaridi yakaanza kuwa ya manjano kutokea chini. Haidrenjia zikalegea mchana, na jioni zikakataa kusimama tena. Miplamu ikapukutisha majani ilhali mvua inanyesha, jambo ambalo Nyaruai hakuwahi kuliona maishani mwake. Alidhani ni wadudu, akapiga dawa. Alidhani ni njaa, akaongeza samadi. Kila alipoongeza kitu, mambo yalizidi.

Lakini si hilo lililomnyima raha. Miche alishaizika mingi sana, ni kazi yake. Kilichomuuma ni kiti cha mbao. Tangu siku ile ya pikapu, Peris hakuvuka tena uwanja. Alipopelekewa chai kwake aliipokea, akashukuru, na kikombe kikarudi kimeoshwa. Ukipelekea mtu chakula na chombo kikarudi kisafi kikavu, jua umeshakuwa mgeni. Zamani Peris alikirudisha na makombo, pengine na yai ndani yake. Nyaruai aliviweka vile vikombe kabatini na akaumia, akaumia kweli. Jambo alilolitaka kuliko waridi lolote ni huyo mama arudi kuketi barazani kwake.

Alimuuliza Mukhisa. Mukhisa, mtu mpole asiyependa kukaa katikati ya wanawake wawili, alisema, "Mama ni mama. Itaisha."

Haikwisha. Kwa hiyo Nyaruai akashika dawa anayoijua, nayo ni kuuliza. Siku moja mvua ilipokata alivaa gambuti akatoka kuchungulia nyua za Kanduyi, boma moja baada ya jingine, kutoka kwao hadi karibu na uwanja wa michezo. Mwanzoni aliuliza kama kila mtu anavyouliza: huu ni mmea gani, mlipanda lini? Watu wakamsifia vyao na hakupata la maana. Mtu ni mwepesi kukuonyesha kilichomkubali. Ndipo akageuza swali. Akawa anaingia, anasalimia, anauliza: hapa kwenu, ni nini kilikufa?

Loo, hapo ndimi zilifunguka. Kumbe kila boma lina marehemu wake. Mwalimu mmoja alikuwa amezika miti ya matofaa mara tatu. Mama mmoja alipoteza ua mzima wa misaipresi, ikakauka kwa mchwa. Na wakati wanamwonyesha mahali vilipofia, macho yake yalikuwa yanaona vilivyobaki hai bila kuombwa: bogenvilia iliyopanda hadi kwenye paa, mishubiri kwenye changarawe, lantana yenye rangi mbili, miti ya misiola iliyonyooka kwenye mpaka, na maua ya makana mekundu yaliyonenepa pale maji ya bafu yanapomwagika. Hakuna aliyevimwagilia. Aliinama akashika udongo wa kila boma, akauviringa kiganjani kuona kama unashikana. Watoto walimfuata wakicheka.

Everlyne, muuza nyanya wa kando ya barabara, alikuwa na ua wa bogenvilia uliomfanya Nyaruai asimame mdomo wazi.

"Hii unaimwagilia na nini?"

"Niimwagilie kwani ni mtoto?" Everlyne akasema. "Iko tu hapo. Nikikasirika naikata."

"Na ni nini ilikufa?"

"Rosi. Nilitoa Kitale, kwa mama mmoja pale barabara ya Kapenguria. Alinikataza, ati itaoza. Mimi nikamwambia si ni pesa yangu bana, nipe tu."

Nyaruai alikohoa. "Huyo mama alikuwa anakaaje?"

Everlyne akamtazama vizuri, kisha akaweka nyanya chini. "Si ni wewe!"

Walicheka mpaka wateja wakaanza kujihudumia wenyewe. Na kwa kuwa kicheko hulainisha, Nyaruai alipovutiwa kiti alijikuta akisimulia habari ya mashimo, ya udongo, na ya vikombe vinavyorudi vimeoshwa. Everlyne aliacha kucheka.

"Uliambia mathe wa bwanako ni mbolea?"

"Nilimwambia."

"Dada, huku mtu akifia mbali, ama familia ikiuza shamba ambapo wamezika mtu wao, wanaenda kuchukua mchanga ya kaburi wanakuja nayo nyumbani. Ndio huyo mtu asibaki kwa wenyewe. Lakini inakuja na watu. Wanaomba, wanasema jina yake, boma inajua nani ameingia. Sasa wewe umeleta pikapu mzima, huyo mama atajuaje ni nani unataka akanyage?"

"Si yeye ni mtu wa kanisa?"

"Kanisa ni Jumapili," Everlyne akasema. "Mchanga ni kila siku."

Nyaruai alirudi nyumbani polepole. Aliudhika kidogo, maana kwao udongo mzuri huulizwa utazaa nini, hauulizwi ni wa nani. Halafu akakumbuka viganja vyake viwili kando ya kaburi.

Asubuhi aliamkia bustanini. Alichagua waridi lililokufa kabisa, akaling'oa, na shimo likatoa harufu ya yai viza. Mizizi ilikuwa myeusi, inavuliwa ngozi kwa kidole. Chini ya ule udongo mzuri wa Wakiuru kulikuwa na maji yametuama. Akachimba shimo jipya kando, tupu, kwenye maramu ileile, akamimina ndoo nzima akaketi kulitazama. Mukhisa alimletea chai akamkuta anatazama shimo. Alirudi kuchukua kikombe, bado anatazama. Kufikia chakula cha mchana maji yalikuwa palepale, na mbu mmoja alishafika kukagua.

Hapo akaelewa, na licha ya yote akafurahi, kwa sababu kuna raha ya pekee katika kujua ni kwa nini. Ule udongo haukuwa na kosa, wala maramu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa amechimba masufuria kwenye ardhi isiyopitisha maji, akayajaza udongo laini unaonywa kila tone, na mvua yote ya uwanja ikakimbilia humo. Kule Moi's Bridge maji yalishuka mpaka yakapotea. Hapa yalifika chini yakakosa mlango. Mimea yake haikufa kwa kiu wala kwa wadudu. Ilikufa maji mbele ya macho yake, huku yeye akiiongezea samadi.

Ni mayungiyungi ya mama yake peke yake yaliyokuwa yamestawi, mabichi, manene, kwenye shimo la kivulini nyuma ya tangi. Hayo hupenda miguu ikilowa. Aliyaacha humohumo.

Mengine yote aliyafukua. Alichimba shimo baada ya shimo, akatoa udongo wa Moi's Bridge, akaurundika juu ya magunia karibu na mpaka. Mpango wa bustani mpya ulikuwa umeshajipanga kichwani: matuta yaliyoinuka, udongo wa papa hapa ukichanganywa na samadi, bogenvilia kutoka kwa Everlyne upande wa jua, lantana mbele, na makana kwenye maji ya bafu. Lile rundo ndilo halikuwa na mahali katika mpango.

"Hii utapeleka wapi?" Mukhisa akauliza.

Nyaruai aliegemea koleo. "Sijui," akasema.

Hakuweza kuumwaga barabarani. Hakuweza kuurudisha Moi's Bridge, kulikoota mahindi ya Muigai. Alikuwa bado amesimama hapo wakati mlango wa Peris ulipofunguliwa. Mama mkwe alitoka na fimbo yake, akaja mpaka kwenye mstari wa nyasi unaogawa uwanja wake na wao, akakomea hapo. Aliyatazama mashimo matupu, kisha rundo.

"Sasa unamtupa?" akauliza.

"Mama?"

"Umemreta na pikapu kama mborea. Hukumtaja jina. Ukamtia kwa shimo. Sasa maua imekataa, unamtupa kwa njia." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, na ajabu ni kwamba hasira hiyo haikuwa ya kumwogopa yule mgeni; ilikuwa ya kumtetea. "Hata kama ni mtu sijui, hakuna mtu anatupwa hivyo kwa boma yangu."

Nyaruai alilaza koleo chini. Alitaka kujieleza, kuhusu maramu na maji na mizizi, lakini vyote vilikuwa vya kazi na hapa hapakuwa na kazi. "Ni mama yangu," akasema. "Nilichota kwa kaburi yake. Ni kidogo tu, lakini nilichanganya. Siwezi kuitoa tena. Nilikudanganya, mama. Niliogopa mtasema nimewaletea mambo."

Kuku walipita katikati yao wakichakura.

"Nirijua ni mtu," akasema hatimaye, hasira imempungua. "Hakuna mtu anabeba mchanga ya maua kutoka Moi's Bridge. Nirikuwa nangoja tu jina. Anaitwa nani?"

"Wakiuru."

"Wakiulu," Peris akasema, akilijaribu jina mdomoni kama anayeonja mboga kujua kama chumvi imetosha. Kisha akainua fimbo, akavuka ule mstari wa nyasi, akatembea juu ya udongo uliomwagikamwagika mpaka mbele ya rundo. Akaliinamia kidogo, kama mtu anavyomwinamia mkwe.

"Wakiulu. Mimi ni Peris, mama ya Mukhisa. Hatukujua ni wewe. Karibu." Akageuka kwa Nyaruai. "Muweke juu, pale karibu na baraza, mahari naweza kumuona nikikaa. Si kwa shimo tena."

Mukhisa alikuwa ameshatoka na kile kiti cha mbao bila kuambiwa, naye, karani wa watu, analia waziwazi. Peris aliketi, akaegemeza fimbo gotini, akaligeukia lile rundo la udongo, akaanza kumsimulia Wakiuru jinsi binti yake alivyomzamisha kwenye maji masika yote, mtu mzima, bila hata kumpa chai. Nyaruai aliingia jikoni kuiinjika, akasikia kicheko kinampanda pamoja na machozi, na akatia sukari nyingi.